Kutembea Bila Kutumwa

Kwanza walimchapishia fulana. Apolinaria mwenyewe akisimulia safari ile huanza na fulana, na hasira yake nayo huanzia hapo hapo. Ilikuwa ya njano, na kifuani iliandikwa kwa herufi nyeusi LIKIZO YA BIBI, chini yake TABORA–PWANI. Walizivaa wote: yeye, mwanawe Adriano, mkewe Adriano aitwaye Magreth, na mapacha wao Kulwa na Doto, waliokuwa na mwaka mmoja na miezi minne, ambao fulana ziliwafika kwenye vifundo vya miguu. Wakajipanga mbele ya gari lao la Noah uani kwao, mtaa wa Chemchem, wakapigwa picha. Majirani waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. "Kuzaa si bure," mmoja akasema. Apolinaria akacheka kwa furaha ya kweli, maskini, maana alikuwa hajajua.

Huyu Apolinaria ana miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Kaliua, kule reli ya Mpanda inakoachana na ya Kigoma, na akiwa na miaka ishirini na minne alipata kazi ya upishi katika shule moja ya bweni mjini Tabora. Alipika huko mpaka akastaafu. Ugali wa wanafunzi mia tano hausongwi kwa mwiko wa nyumbani. Unasongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, umesimama juu ya tofali, moshi unakuingia machoni, na bado atatokea mtoto wa watu kusema maharage hayana chumvi. Shule ikifungwa, walimu wanakwenda likizo, wanafunzi wanakwenda likizo, na Apolinaria anapanda treni kwenda Kaliua kumsaidia mumewe, marehemu Damas, kwenye tumbaku na karanga. Miaka thelathini na sita aliisikia likizo ikitangazwa mstarini, na hata siku moja haikuwa yake.

Na kutembea ametembea, asikudanganye mtu. Ila tangu utotoni hakuwahi kutembea bure. Kichwani ndoo, au kuni, au gunia la karanga; mgongoni mtoto; mkononi kikapu. Hata sasa akitoka jioni mikono mitupu hafiki nyumba ya tatu kabla hajaulizwa, "Kwema huko? Kuna msiba?" Mwanamke mtu mzima wa Tabora haonekani barabarani bila kutumwa na jambo. Kama haendi kanisani anakwenda hospitali, na kama si hospitali basi kuna aliyekufa.

Aliyemtia wazimu wa pwani ni jirani yake, Nunu binti Awadhi, wa moja ya zile familia za Kiarabu zilizofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Nunu ana ndugu Tanga, na kila mwaka huenda kuwatembelea. Siku moja wakichambua mchele barazani alimweleza jinsi watu wa huko wanavyoshuka jioni kando ya bahari, wake kwa waume, wakatembea mpaka mwisho wa njia, kisha wakageuka.

"Wanakwenda wapi?" Apolinaria akauliza.

"Hawaendi popote."

"Wamebeba nini?"

"Hawabebi kitu, shoga yangu. Mkoba tu, na wengine hata mkoba hawana."

Siku ile alicheka mpaka machozi, akasema watu wa pwani hawana kazi. Lakini neno lilimkaa. Kila akipita njia ya kwenda kisimani na ndoo yake aliwawaza wale wanawake wanaotembea wakageuka, bila ndoo wala kisima. Akastaafu, na siku ya kuagwa Adriano alisimama mbele ya walimu na wapishi akatangaza kwamba atampeleka mama yake pwani kwa gari. Jioni ile mezani Apolinaria alimwambia mwanawe wazi, asije akasema hakuelewa:

"Mwanangu, mimi sitaki mengi. Nikifika huko nitembee kando ya bahari, mikono mitupu, mpaka mwisho, halafu nirudi. Basi."

"Hicho tu, Mama?" Adriano akacheka. "Utatembea mpaka uchoke mwenyewe."

Ikapita miaka mitatu. Mwaka wa kwanza gari lilikuwa bovu. Wa pili Magreth alikuwa mjamzito. Wa tatu mapacha walikuwa wadogo mno. Mama hakudai, kwa sababu mama wa Kinyamwezi hadai. Anangoja, na kungoja kwenyewe anakuita subira ili kusimuume. Kisha mwezi wa sita mwaka huu, ghafla bin vuu, Adriano akaja siku ya Jumanne akasema, "Mama, funga mzigo. Ijumaa tunaondoka." Fulana zilikuwa tayari zimechapishwa.

Waliondoka alfajiri kwa njia ya Nyahua na Itigi. Adriano akiendesha, Magreth mbele pembeni yake, na Apolinaria nyuma na mapacha, mmoja kwenye paja hili, mwingine kwenye paja lile. Hakuona ubaya. Ni wajukuu zake, damu yake, na nani mwingine awashike? Kulwa alitapika kabla ya Chaya, Doto baada yake. Akawafuta, akawabadilisha, akawaimbia. Kufika Manyoni paja lake la kulia lilikuwa limekufa ganzi, naye bado alikuwa akitabasamu.

Manyoni walisimama kula. Adriano alikwenda kuagiza chipsi, Magreth akabaki kiti cha mbele akiongea na dada yake kwa simu, na Apolinaria nyuma akiwalisha watoto uji. Magreth si mtu mbaya. Ila alisahau kwamba aliyeko nyuma ana masikio.

"We acha tu," alisema. "Dada wa kazi alivyotoroka wiki iliyopita nilijua likizo ndiyo imekufa. Hoteli tumeshaweka, mimi mapacha peke yangu siwawezi. Nikalia mimi! Adriano ndiye akasema, si tumchukue Mama? Si alitaka pwani siku nyingi?"

Si tumchukue Mama! Kama mtu anavyosema, si tuchukue mwavuli. Miaka mitatu ahadi imelala kabatini, na kilichoiamsha ni binti wa watu aliyechoshwa na mshahara mdogo akapanda basi lake kurudi kwao Choma. Apolinaria alishika kijiko cha uji hewani mpaka Doto akalia kwa njaa. Kisha akakishusha kinywani mwa mtoto. Aliyasema yote moyoni, na moyoni maneno hayapungui, yanachacha.

Walilala Morogoro, na siku ya pili jioni wakaingia Tanga. Siku ya tatu, jua lilipolegea, wakashuka kando ya bahari. Na ilikuwa kweli, kama Nunu alivyosema. Njia safi chini ya miti, viti vya saruji, bahari imetulia upande mmoja, na watu wanatembea. Wamama wenzake wa umri wake, mabaibui yanapepea, wanakuja, wanapita, wanapungua kule mbali, halafu wanarudi tena. Hakuna aliyewauliza kama kuna msiba. Apolinaria alikuwa ameshuka garini mikono mitupu, kwa kuwa Adriano alikuwa ameshika mtoto mmoja na Magreth mwingine. Akaanza kutembea. Alihesabu hatua zake bila kukusudia, na zilifika kumi na mbili.

"Mama!" Magreth akaita nyuma yake. "Tushikie Doto kidogo, tupige picha."

Akamshika. Halafu, "Na Kulwa naye, Mama, anataka kwako." Kulwa hakutaka kwa mtu, Kulwa alitaka jani lililokuwa chini. Lakini akawekwa naye. Wenye likizo wakapiga picha wakiwa wamesimama, wakapiga wakiwa wamekaa, wakapiga Magreth akiangalia bahari kana kwamba inamdai jibu, kisha wakashikana mikono wakaondoka. Apolinaria alikaa kwenye kiti cha saruji na watoto wawili akawatazama wakipungua kule mbali. Walifika mwisho. Aliwaona walivyofika. Walirudi magharibi imeshaingia, wanalamba askrimu, na yeye wamemletea yake kwenye kikombe, imeyeyuka imekuwa maziwa.

"Pole, Mama, njia kumbe ni ndefu," Adriano akasema. "Ila ni nzuri sana. Ungeiona."

Ungeiona! Akainywa ile askrimu. Angefanya nini?

Siku ya nne wakaenda Pangani. Huko kuna ukuta wa kuzuia mawimbi, na juu yake watu hutembea jioni wakipunga upepo. Safari hii Apolinaria alikuwa amejipanga. Aliwapa mapacha chakula mapema, akawachezesha, akahakikisha hawalii, ili pasiwe na sababu. Masikini, alijipalia makaa mwenyewe. Watoto walishiba, wakachoka, wakalala garini kabla injini haijazimwa.

"Afadhali," Magreth akanong'ona. "Mama, wewe kaa nao tu. Tukiwaamsha watasumbua. Tunafika pale mwisho, tunarudi."

"Nilitaka na mimi..." Apolinaria akaanza.

"Na magoti yako, Mama, pumzika," Adriano akasema kwa upole, akamshushia kioo ili apate hewa.

Magoti! Magoti hayakuulizwa asubuhi ile yalipopanda ngazi za gesti mara nne, mtoto mmoja mmoja, kisha mabegi. Magoti yalikuwa mazima kabisa yalipoinama kufua nepi bafuni. Yanaugua tu pale kwenye kutembea. Kuna upendo wa namna hii, wa kumwambia mtu pumzika ukiwa umemkalisha juu ya kazi, na wanaoufanya hulala usingizi mzuri kabisa, kwa sababu wanaamini wao ni wema. Huo ndio unaochoma. Mtu akikutukana utamjibu. Aliyekushushia kioo utamjibu nini?

Akiwa hapo simu yake ndogo ikalia. Nunu.

"Shoga! Mjukuu wangu Manal amenionyesha kwenye WhatsApp, Adriano ameandika, Mama anakula upepo wa bahari. Hongera! Haya niambie, umetembea?"

Apolinaria aliangalia nje. Kutoka pale garini bahari ilionekana kipande, kati ya pikipiki iliyoegeshwa na mgongo wa muuza machungwa.

"Nimetembea," akasema.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu kabisa, Nunu. Raha iliyoje."

Akakata simu. Hakuwahi kumdanganya Nunu katika miaka thelathini ya ujirani, wala kwenye mambo makubwa wala madogo. Walizikiana waume. Na sasa alikuwa amemdanganya ili kumfichia Adriano aibu, Adriano ambaye wakati huo alikuwa juu ya ukuta akimpiga mkewe picha. Hilo la kunyimwa matembezi angelimeza. La kugeuzwa mwongo halikumezeka. Usiku ule wali wa nazi ulioletwa gesti aliwaachia wengine.

Kesho yake wakavuka mto, wakafuata njia ya kusini hadi Bagamoyo. Ilikuwa siku ya mwisho. Alfajiri inayofuata walikuwa waanze safari ya kurudi Tabora. Njiani Apolinaria akakusanya nguvu akasema, "Adriano, leo natembea." Na Adriano, akimwangalia kwenye kioo cha juu, akajibu, "Bila shaka, Mama, leo ni zamu yako." Akaamini. Kuamini nako ni ugonjwa wa mama.

Saa kumi na moja jioni walishuka pwani. Palikuwa na njia ya kokoto kandokando ya mchanga, na watu walikuwa wakitembea, si wengi, wanafunzi, wazee wawili, wanandoa. Kulwa akaanza kulia, halii kwa sababu, analia tu. Apolinaria akamweka mgongoni, akamfunga mbeleko, kwa dakika tu, atulie. Doto alimshika mkono. Alipoinua macho, Adriano na Magreth walikuwa wameshatangulia. Adriano aligeuka akapunga mkono, akaonyesha kwa kidole: kule, tunaulizia boti, tunakuja sasa hivi. Halafu akaendelea kwenda.

Ikawa imeisha. Safari nzima, njia tatu za bahari katika miji mitatu, na yeye amesimama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kama alivyosimama maisha yake yote, tofauti ni maji tu. Akatafuta pa kukaa. Karibu naye kulikuwa na mwanamke anayechoma mihogo, mnene kiasi, kanga mbili, benchi refu mbele ya jiko lake la mkaa. Apolinaria akaketi pembeni ya benchi, akampa Doto kokoto achezee.

Mwanamke yule akaisoma fulana. Akaisoma tena. Kisha akamtazama Kulwa mgongoni, akaweka koleo la mkaa chini, akaweka mikono kiunoni.

"Mwadila, mpagazi!" akasema kwa sauti ya kuamsha pwani nzima. "Pembe za ndovu zimewaishia huko kwenu, sasa mnatuletea watoto?"

Watu wa benchi wakageuka. Apolinaria akashtuka, hakutarajia kusikia maamkizi ya kwao kinywani mwa mtu wa pwani. Kisha akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu Manyoni kifua kikamfunguka kidogo. Huyu ni mtani. Tangu misafara, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani; babu zao walichekana, wakaibiana kuku, wakazikana, na mpaka leo mmoja anaweza kumwambia mwenzake lolote, naye haruhusiwi kununa.

"Nyamaza wewe mla mihogo!" akamjibu. "Tungekuja mikono mitupu mngekula nini? Wazaramo kazi yenu kupiga ngoma na kungoja Mnyamwezi alete."

"Umelaaniwa! Nani kakuambia mimi Mzaramo?"

"Mdomo wako."

Benchi likaangua kicheko. Mwanamke yule akacheka zaidi ya wote, akajitaja jina kuwa ni Mwanajuma, akamkatia mtani wake kipande cha muhogo, akakitia pilipili na ndimu. Halafu akamwuliza, bado kwa mzaha, mwenye mzigo huo ni nani na msafara wake uko wapi.

Na Apolinaria, ambaye hakumwambia mwanawe, hakumwambia mkwewe, na Nunu alimdanganya, akamwambia mtani. Kwa utani mtu husema kweli bila kuonekana amelalamika. Alimwambia yote huku anacheka: fulana, dada wa kazi aliyetoroka, Tanga kwenye kiti, Pangani garini, na leo. Alimwambia alichokuwa anakitaka, kutembea mpaka mwisho bila kubeba kitu. Mwishoni akagundua kwamba yeye bado anacheka lakini Mwanajuma ameacha.

"Ndio wale?" Mwanajuma akauliza. Adriano na Magreth walikuwa wanarudi, fulana zao za njano zinaonekana kutoka mbali.

"Ndio wao. Lakini mwache mwanangu, mtani, ni mtoto mzuri, tena..."

"Sijakuuliza uzuri wake."

Adriano alifika, akaona mama yake ana muhogo na watu, akafurahi. "Shikamoo, mama," akamwamkia mwenye jiko.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mzigo huu?"

"Mzigo gani?"

"Huu aliobeba mtani wangu. Mimi Mzaramo, huyu Mnyamwezi, na leo nimemteka. Haendi popote mpaka akombolewe. Na usitie mkono mfukoni, sitaki hela yako."

Adriano akacheka, kwa vile utani anaujua, akauliza anataka ukombozi gani. Mwanajuma alimzunguka Apolinaria, akafungua fundo la mbeleko, akamtoa Kulwa, na kabla Adriano hajaelewa alikuwa amegeuzwa, amesukumwa bega akainama, na mtoto yuko mgongoni kwake. Kanga ikapita chini ya kwapa moja na juu ya bega jingine, fundo likakazwa kifuani, juu kabisa ya maandishi ya LIKIZO YA BIBI. Mwanamume mzima, ofisa, miwani ya jua kichwani, amefungwa mbeleko ya kanga nyekundu hadharani.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," Mwanajuma akatangaza. "Wewe unao wawili! Unamwelekesha mama yako kwa sababu gani? Babu yako alitoka Tabora kwa miguu mpaka hapa na ratili sitini begani. Wewe umekuja na gari, na kilo kumi zinakushinda? Na wewe, mke mwenzangu, usijifiche, mchukue huyo wa chini."

Kicheko kilichotoka hapo kilivuta hata wale wazee wawili. Kijana mmoja akatoa simu apige picha. Magreth akaona macho ya watu, akamwinua Doto na mchanga wake wote, akampakata juu ya gauni jeupe. Adriano masikio yalikuwa yamewaka. Angefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani utachekwa mpaka siku ya kuzikwa kwako, tena na yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Na hapo, usistaajabu, Apolinaria alimwonea mwanawe huruma. Mikono yake ikaanza kunyooka kwenda kumfungua.

Mwanajuma akaipiga kofi. "Shusha! Nenda zako. Nenda utembee, jua linazama."

Akaenda. Hatua za mwanzo hazikuwa na raha yoyote, na hilo nalo lilimwudhi. Mikono haikujua ikae wapi. Aliikunja kifuani, akaikunjua. Akaifunga nyuma kama mkaguzi wa shule. Mgongo ulikuwa mwepesi hata akahisi ataanguka mbele. Kila hatua kumi aliona kama kuna kitu amekisahau. Miaka sitini na mitatu, na mtu hajui kutembea mikono mitupu! Nani kamfanya hivyo? Si Adriano peke yake. Ni ndoo, ni mwiko, ni kuni za Kaliua, ni marehemu Damas pia, Mungu amrehemu, aliyekuwa akitangulia mbele na fimbo tu. Ni yeye mwenyewe pia, kila aliposema, leteni nishike. Alitembea na hasira hizo zote, na hasira zikampa mwendo. Mwanamke mmoja akaja kwa mbele, akamwambia, "Za jioni," akapita. Hakumwuliza anakwenda wapi. Taratibu mikono ikaning'inia yenyewe, ikaanza kwenda mbele na nyuma kwa kufuata miguu. Upepo ulipita kati ya vidole vyake. Aliuhisi, akaachia vidole vikapanuka.

Mwisho wa njia kulikuwa na ukingo wa mawe. Akasimama hapo na kuyatazama maji kwa muda aliotaka yeye.

Alipogeuka, Adriano alikuwa nyuma yake. Alikuwa amemfuata njia nzima, jasho linamtiririka, mbeleko imelegea, Kulwa ameshuka mpaka kiunoni na amelala.

"Mama, mpokee," akasema. "Mgongo unaniuma. Na yule mama hatuoni huku."

Apolinaria akamtazama. Hakuwa anacheka tena, na huku hakukuwa na mtani wa kumsemea.

"Ulijua dada wa kazi ameondoka," akasema.

Adriano akaishusha miwani yake ya jua kutoka kichwani.

"Nilisikia, tangu Manyoni. Ungekuja ukaniambia, Mama, tumekwama, twende ukatusaidie watoto, ningekuja, Adriano. Ningekuja siku ile ile, ningewabeba Tanga na Pangani, wala nisingefungua mdomo kudai kutembea. Kazi siiogopi, wewe unajua. Lakini uliniita kama mgeni wako. Ulinipiga picha mbele ya majirani ukasema likizo hii ni yangu. Nimemdanganya Nunu kwa ajili yako. Mtu mzima mimi, nimekaa garini nasema uongo kwa simu ili wewe uonekane mtoto mwema."

Adriano aliangalia chini. Midomo ilimcheza kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na mama yake akaiona, akaumia, lakini hakunyoosha mkono.

"Nisamehe, Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kweli.

"Nimekusamehe."

Akageuza mgongo kidogo, akainama, ili mama yake afungue fundo na kumchukua mtoto.

"Nimekusamehe," Apolinaria akasema tena, "lakini simpokei. Mpandishe juu kidogo, kaza fundo, hatashuka tena."

Akampita, akashika njia ya kurudi, mikono ikining'inia. Adriano akampandisha mwanawe, akakaza fundo, akamfuata.